Simu anayo baba, mtoto anaye bibi: kisa cha shule moja Tandahimba mwaka wa korona

Kila ikitajwa 2020 na shule kufungwa utasikia watu wanasema vijijini hakuna intaneti, na hapo mada imeisha. Mimi naleta kisa cha shule moja tu ya msingi huku wilaya ya Tandahimba mkoani Mtwara, jina siliweki manake wahusika wote bado tunaonana sokoni. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule na wakati huohuo nina mtoto darasa la saba, kwa hiyo malalamiko ya walimu nilikuwa nayasikia na ya wazazi nayasikia, na msimamo wangu ni kwamba hata kama kijiji kizima tungepewa bando la bure bado shule isingewapata wale watoto. Shule ilikuwa inaongea na watu wasiokaa na watoto, na waliokaa nao ilikuwa inawaita saa ambayo wapo shambani. Korona ilikuta hilo tatizo lipo siku nyingi, ikaliweka wazi tu.

Tarehe kwanza, tusipotezane. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa 16 Machi 2020, kesho yake Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, ambaye kwetu Kusini ni jirani kabisa, alikuwa mbunge wa Ruangwa pale Lindi, akatangaza shule za awali, msingi na sekondari zifungwe siku 30. Mwezi wa nne ikasemwa ziendelee kufungwa mpaka itakapotangazwa vingine. Kidato cha sita na vyuo wakarudi 1 Juni, waliobaki wote 29 Juni. Zaidi ya miezi mitatu. Na ilivyokuja ghafla watoto walirudi nyumbani na madaftari tu, vitabu vimebaki kabatini shuleni, hakuna kazi waliyopewa, na walimu siwalaumu kwa hilo sababu na wao walisikia redioni kama sisi.

Sasa walimu. Shule zetu hizi walimu wengi ni wageni, huyu wa Mara, yule wa Kagera, mwingine Mbeya, zilipofungwa wakapanda basi wakaenda kwao, nani angekaa pekee yake kwenye nyumba ya mwalimu isiyo na maji wakati ugonjwa haujulikani unaelekea wapi. Wakabaki watatu, mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma na mwalimu mmoja wa kike wa madarasa ya chini ambaye ameolewa hapahapa kijijini. Wizara ikasema kutakuwa na vipindi vya masomo kwenye redio na televisheni, TBC na kwingine, na kweli vikawa vinarushwa. Lakini mwezi wa nne na wa tano huku ndo watu wapo mashambani hasa, wenye mpunga wanashuka bondeni kuelekea mto Ruvuma wanakaa huko wiki nzima kwenye dungu, kile kibanda cha kulindia shamba, wanaamia ndege, wanafukuza ngedere na nguruwe pori, na redio ya nyumbani moja iliyopo anaondoka nayo yule anayelala dungu. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na tatu shule imefungwa unadhani anaachwa nyumbani asikilize kipindi cha hisabati? Anakwenda bondeni kuamia, na asipokwenda ndege wanamaliza, na njaa ya mwezi wa kwanza hao ndege hawaijui.

Mwalimu wa taaluma alikuwa kijana mwenye moyo, hilo nalisema mwanzo kabisa kabla sijafika kwenye ugomvi. Alichofanya, akachukua daftari la shule lenye namba za wazazi, akafungua grupu la wasapu la wazazi wa la saba, akawa anatunga mazoezi, anayapiga picha anayarusha humo. Mzazi aende Tandahimba mjini akatoe kopi, ukurasa shilingi 100, au kama hawezi kwenda amtumie mwalimu 1,500 yeye ataleta mafungu yote kwa pamoja. Kwa mtazamo wa mtu aliyekaa mjini huo ni mpango mzuri kabisa na hela ni ndogo.

Kijijini ukazuka moto. Kwanza nusu ya wazazi hawamo kwenye grupu, hawana simu ya tachi, wana kitochi. Pili waliomo wengi ni akina baba ambao wapo Dar es Salaam au Mtwara mjini, mtoto hawajamuona tangu msimu wa korosho. Wanaona picha ya maswali, wanajibu "asante mwalimu", hela hawatumi. Tatu ni hiyo hela yenyewe. Mwezi wa nne huku mfukoni hamna kitu, pesa ya korosho inaingia kuanzia Oktoba mpaka Desemba hivi minada ikienda vizuri, ikifika masika imeshakwisha na unadaiwa dukani. Na tangu 2016 watu wameambiwa elimu bila malipo, kwa hiyo ukisema 1,500 wanachosikia ni kwamba walimu wamepata upenyo wa kurudisha michango kwa mlango wa nyuma. Maneno yakatembea kwamba mwalimu wa taaluma anauza maswali. Mimi nilikuja kuoneshwa daftari la yule mwenye duka la kutoa kopi pale mjini, kijana wa watu alikuwa amekopa kopi kwa jina lake mwenyewe, amelipia fungu la kwanza, fungu la pili anadaiwa, na huku anaitwa mwizi. Hizo karatasi zikakaa ofisini zimefungwa kwa uzi.

Mwalimu mkuu akaita mkutano, Jumatano saa nne asubuhi, wakaja watu tisa na wajumbe wa kamati humohumo. Mtendaji wa kijiji akasema mnaona, wazazi hawajali, na walimu wakaondoka na jibu hilo. Mimi hilo jibu nalikataa mpaka leo. Siku za kazi saa nne asubuhi mtu wa huku yupo shamba, na wanaosalia nyumbani ni bibi na watoto wadogo, na bibi hakuitwa kwa sababu daftarini hayupo.

Aliyelipasua jambo alikuwa bibi mmoja ambaye alikuja kwenye huo mkutano bila kualikwa, alikuwa anapita na ndoo yake akaona watu, akakaa. Mwalimu mkuu akawa analalamika amempigia baba wa mtoto fulani mara kwa mara na baba anaitikia tu bila utekelezaji. Bibi akanyanyua mkono, akasalimia, akasema hivi: "Mwalimu, mimi simu sina, mtoto ninaye. Huyo unayempigia simu anayo, mtoto hana." Akasimama akachukua ndoo yake. Yaani mkutano mzima sentensi iliyokuwa na kazi ilikuwa hiyo.

Ikabidi tukae na lile daftari tulipitie jina kwa jina, kamati na mwalimu mkuu, jioni ofisini kwa taa ya sola. Karibu kila ukurasa jina la mzazi ni la baba na namba yake ya simu, na sisi wenyeji tunaulizana huyu mtoto anakaa kwa nani? Anakaa kwa bibi mzaa mama. Huyu? Kwa mama mkubwa. Huyu mama yake kaolewa Nanyamba, yupo na bibi. Ukiondoka na hesabu unakuta wengi wao wanalelewa na bibi, na anayeamua mambo mazito ni mjomba. Hapa nieleze kwa wasomaji wa mikoa mingine. Sisi Wamakonde, na Wamakua, Wamwera na Wayao ni hivyohivyo, ukoo tunauhesabu kwa mama, na mjomba ana sauti juu ya mtoto wa dada yake ambayo baba akiwa mbali hawezi kuishinda. Mwalimu mkuu kwao ni kanda ya ziwa, huko ukimpata baba umemaliza, akawa anatafuta baba miaka yote minne aliyofundisha hapa na hakuna mtu aliyemwambia, wala yeye hakuuliza. Na fomu za shule zinamruhusu, zimeandikwa jina la mzazi au mlezi, ukishajaza baba umejaza.

Basi tukaongeza safu kwa kalamu nyekundu. Mtoto analala kwa nani, na mjomba wake nani. Ndo hivyo tu, lakini ilituchukua siku kadhaa kwa sababu mengine hata sisi tulikuwa hatuyajui ikabidi tuwaulize watoto wenyewe.

Swali likabaki, kazi itawafikiaje bila karatasi? Mwalimu wa kike ndo alitoa wazo, akasema kwani ubao umekatazwa? Ghala la chama cha msingi cha ushirika kipindi hicho ni tupu, korosho zimeshatoka na ufuta bado, lina baraza ndefu lenye bati na kila mtu anapita pale kwenda kisimani au dukani. Tukapata kipande cha plaiwudi, fundi akakipiga randa, tukakipaka unga mweusi wa betri za tochi zilizokufa uliokorogwa na uji mwepesi wa muhogo, mara tatu, kila mkono ukikauka unapaka mwingine. Ukawa mweusi ti, chaki inashika. Taaluma akawa anaandika maswali Jumatatu na Alhamisi, upande wa kushoto hisabati, kulia Kiswahili au sayansi, na pembeni kabisa majibu ya maswali yaliyopita, mtoto anakuja na daftari lake ananakili anaondoka. Hela hakuna, simu hakuna, bibi hajui kusoma lakini anajua kumwambia mjukuu leo Alhamisi nenda ghalani kabla hujateka maji.

Haikwenda laini. Mtendaji akaja kutuzuia, akasema mikusanyiko imekatazwa mnanitafutia balaa, na alikuwa na haki ya kuogopa, wakati ule tulikuwa tunasikia habari za misiba ya mjini na watu wamejazana kwenye nyungu wanajifukiza mvuke hawajui washike lipi. Tukakubaliana kila kitongoji kiwe na saa yake, watoto wasimame mbali mbali, na mwalimu asikae pale kufundisha, aandike aondoke. Hilo la mwisho liliumiza, manake mtoto ambaye hajaelewa swali hana wa kumuuliza, akawa mwalimu anapitia madaftari Ijumaa kwa zamu nyumbani kwa watu huku amevaa barakoa. Na walioko bondeni hawakuupata ubao. Kuna mjomba mmoja tu, huyo namkumbuka kwa heshima, alikuwa anapanda na baiskeli kila Alhamisi kuja kununua chumvi na mafuta ya taa, ananakili maswali yote kwa mkono wake kwenye daftari moja, anawapelekea watoto watano waliopo kwenye madungu ya jirani. Mwandiko wake wa shida mpaka mwalimu akawa anacheka na huku anamshukuru.

Nikiangalia kwa nini ubao ulifanya kazi na karatasi ikashindwa, naona jambo la msingi ni kwamba ubao uliwekwa mahali ambapo mwenye mtoto anapita, na haukuhitaji mtu amwamini mwalimu na hela yake. Imani kati ya shule na wazazi ilikuwa imechakaa zamani. Ruzuku ya uendeshaji wakati ule hesabu yake ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, na hata hiyo si yote iliyokuwa inafika shuleni kama pesa, sehemu ilikuwa inakwenda kwenye vitabu, kwa hiyo mwalimu mkuu alikuwa anaendesha shule na karibu hamna kitu, wakati mzazi kaambiwa serikali imelipa kila kitu. Kila mmoja anamwona mwenzie muongo. Wangebandikiwa mapato na matumizi pale ghalani wakaona wenyewe, maneno ya kuuza maswali yasingepata pa kusimama, na baadae tulibandika kweli, lakini baadae.

Ikaja 29 Juni shule zikafunguliwa na mimi nilidhani tabu imekwisha, kumbe ugomvi mkubwa ulikuwa huku. Lilikuja agizo la kufidia muda uliopotea, kila siku masomo yaongezwe saa mbili. Na kila shule iwe na ndoo za kunawia mikono kwa sabuni. Chukua hayo mawili uyaweke juu ya uwanda wa Makonde mwezi wa saba. Maji kwanza. Huku juu mto hakuna, tunategemea mradi wa maji wa Makonde ambao bomba linatoka likipenda, na visima vya kuvuna maji ya mvua, na mvua yetu inakatika mwezi wa nne au wa tano, kwa hiyo mwezi wa saba tangi la shule ni kama ngoma, ukiligonga linalia. Shule ikasema kila mtoto aje na kidumu cha lita tano. Mwenye wajukuu wanne hiyo ni ndoo nzima kila siku na maji ya kununua. Hapa mwalimu wa kike tena akaokoa, akatengeneza kibuyu chirizi, dumu limetobolewa tundu moja dogo limening'inizwa kwenye fito na kamba ya kukanyagia kwa mguu, mtoto ananawa kwa maji kidogo sana, kidumu kikashuka kuwa kimoja kwa watoto watatu kwa zamu. Watu wakakubali.

Saa mbili za ziada hazikukubalika kirahisi. Mtoto aliyetoka nyumbani na kipande cha muhogo au bila kitu, umemweka mpaka saa tisa na kitu, anasinzia juu ya dawati. Kwa hiyo shule ikataka chakula, na chakula kikageuzwa mchango, shilingi kadhaa kwa mwezi kila mtoto, tena mwezi wa saba! Mwezi wa saba mkulima wa korosho kila senti yake imekwenda kwenye salfa, dawa ya mikorosho, na mafuta ya mashine ya kupulizia, usipopuliza ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua na mwaka mzima umepotea. Na salfa inapulizwa alfajiri upepo haujaamka na umande upo, kwa hiyo mikutano ya asubuhi ndo kabisa usahau. Watoto wakubwa wenyewe wanahitajika kubeba salfa. Wiki mbili za kwanza la saba ilikuwa inapungua kila siku, wakitoka mapumziko ya saa nne baadhi hawarudi.

Safari hii angalau tulikuwa na lile daftari la kalamu nyekundu. Kamati ikaita mkutano Ijumaa baada ya swala, siku ambayo wengi hawaendi shamba, na mwaliko ukapelekwa kwa bibi na mjomba kwa majina yao, mtoto ndo alibeba ujumbe kwa mdomo. Wakajaa. Na mwalimu mkuu safari hii alianza kwa shikamoo kwa wazee mmoja mmoja kabla ya kufungua ajenda, nikaona mabega ya watu yanashuka. Mjomba mmoja akauliza swali la maana kuliko yote, akasema mwalimu kwa nini unataka hela wakati ndani tuna muhogo? Mwezi wa saba kila nyumba ina makopa yameanikwa juu ya bati. Ikapita hapohapo, kila nyumba ilete makopa na mbaazi kidogo kadiri ya watoto wake, na kuni zamu kwa kitongoji, na akina mama wawili wa kupika wasidaiwe mchango wowote. Mzee mmoja aligoma, akasema elimu bure ni bure, na tukamwacha, na mjukuu wake alikula kama wenzie kwa sababu mwalimu wa zamu alikataa kabisa kumnyima mtoto chakula kwa kosa la mtu mzima. Mimi nilimuunga mkono na wenzangu kwenye kamati hawakufurahi.

La saba wakaenda hivyo mpaka mtihani, ambao mwaka ule ulisogezwa ukafanyika 7 na 8 Oktoba wakati kawaida ni Septemba. Wengi walifanya. Lakini kuna wasichana wawili majina yao yapo kwenye daftari na kwenye chumba cha mtihani hawakuwepo. Kipindi cha kufungwa familia kadhaa ziliona likizo ndefu hiyo wakawaweka mabinti unyago mapema, badala ya kusubiri likizo ya kawaida, na kwa mila zetu ukishatoka mwali watu wanaanza kukuangalia kama mtu mzima, hata kama una miaka kumi na nne. Sisemi unyago ndo uliwaharibia, nimechezwa mimi na mama yangu na bibi yangu, nasema hakukuwa na shule ya kumrudisha binti Jumatatu inayofuata akavae sare awe mtoto tena. Mmoja alipelekwa kwa shangazi yake mbali hakurudi. Wa pili alikuwa mjamzito, na mwaka 2020 utaratibu ulikuwa mjamzito anafutwa shule, basi. Ruhusa ya kurudi baada ya kujifungua ilitangazwa Novemba 2021. Nilikwenda kwa bibi yake mimi na yule mwalimu wa kike kumwambia, na binti mwenyewe akasema anataka, ila kukaa darasa moja na watoto waliokuwa la tano wakati yeye yupo la saba hawezi. Hilo kamati hatukuwa na jibu lake, na mwalimu mkuu mpya aliyekuja naye hakuwa nalo.

Na kuna kundi ambalo kwenye hesabu zetu zote hatukuligusa, la kwanza na la pili. Ubao ulikuwa wa la saba, baadae tukaongeza la nne kwa sababu na wao wana mtihani wa taifa. Mtoto wa la pili ambaye Machi alikuwa anaanza kuunganisha silabi ubao wa kunakili haumsaidii, anahitaji mtu mzima akae naye amsikilize anavyosoma, na bibi hasomi. Walirudi Juni wengine wamesahau hata herufi, na saa zile mbili za ziada nguvu yote ya walimu ilikwenda kwenye madarasa ya mtihani. Mwalimu wa kike aliomba apewe hata saa moja tu kwa siku kwa ajili yao, na msaidizi mmoja, kijana yeyote wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne na yupo tu nyumbani. Ombi lipo kwenye muhtasari wa kikao cha Agosti 2020, limeandikwa "litajadiliwa", na vikao vilivyofuata nimevipitia vyote, halijadiliwi popote.